Kalsiamu na Vitamini D katika Lishe ya Kuku wa Nyama: Hali ya Kindu

Kifaranga wa kuku wa nyama huanguliwa akiwa na uzito wa gramu 40 hivi. Akilishwa na kutunzwa vizuri, siku ya 35 hufikia kilo 2 au zaidi, yaani mara 50 ya uzito aliozaliwa nao. Nyama yote hiyo husimama juu ya miundi miwili ambayo miisho yake siku ya kwanza ilikuwa bado gegedu laini. Mfupa usipokomaa kwa kasi ya nyama, kuku huketi. Akiketi hafiki kwenye chakula wala maji, wenzake humkanyaga, na mfugaji huanza kutafuta dawa ya ugonjwa usiotibika kwa antibiotiki yoyote. Mara nyingi kilichokosekana ni kimoja kati ya vitu vitatu ambavyo haiwezekani kueleza kimoja bila vingine: kalsiamu, fosforasi na vitamini D.

Kuku wa kienyeji anayezunguka uani Alunguli au Mikelenge, mjini Kindu, ni nadra kupatwa na hali hiyo. Hukua polepole, hudonoa mchwa, konokono wadogo na mifupa ya samaki iliyotupwa, na hushinda juani. Kuku wa nyama huingia bandani akiwa kifaranga na hutoka siku ya kuuzwa. Madini na vitamini zote atakazopata ni zile alizowekewa kwenye chombo cha kulia.

Kazi ya kalsiamu

Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili wa kuku imo mifupani, imefungamana na fosforasi katika fuwele ngumu. Ndani ya fuwele hizo, kila gramu 1 ya fosforasi huenda na gramu 2 na ushei za kalsiamu. Asilimia 1 iliyobaki huzunguka katika damu na chembe hai: hukaza misuli, hupitisha habari za neva, hugandisha damu kwenye jeraha. Kiasi hicho kidogo ndicho mwili unachokilinda kuliko chote. Mililita 100 za damu ya kuku anayekua huwa na miligramu 10 hivi za kalsiamu, na zikianza kupungua, tezi za parathiroidi zilizo chini ya shingo hutoa homoni inayoiamuru mifupa iachie akiba yake. Hivyo kuku anaweza kuwa na damu iliyo sawa huku mifupa yake ikimalizwa kimyakimya.

Mwongozo wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani wa mwaka 1994, ambao bado ndio msingi wa vitabu vingi vya lishe ya kuku, unataka kalsiamu iwe asilimia 1 ya chakula katika wiki tatu za kwanza, asilimia 0.9 kutoka wiki ya tatu hadi ya sita, na 0.8 baada ya hapo. Fosforasi isiyofungwa, yaani ile ambayo kuku anaweza kuitumia, inatakiwa iwe 0.45, kisha 0.35, kisha 0.30. Wazalishaji wa mbegu za kisasa za kuku wameshusha kidogo viwango vya kalsiamu, lakini uwiano umebaki palepale: sehemu 2 au zaidi kidogo za kalsiamu kwa sehemu 1 ya fosforasi inayotumika. Huo uwiano ndio wa kukariri. Kalsiamu nyingi kwenye fosforasi kidogo huleta miguu mibovu kama vile kalsiamu ingekosekana kabisa.

Fosforasi iliyofungwa ndani ya pumba

Maniema, jimbo la Kongo lenye mji wa Kindu, ni nchi ya mpunga. Zao hili lililetwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika karne ya 19, pamoja na lugha hii tunayoiandika, walipojenga vituo vyao Nyangwe na Kasongo, kusini mwa Kindu ya leo. Mpunga umebaki, na kila kinu mjini hutoa pumba. Kwa mfugaji asiye na fedha nyingi, pumba za mchele ni chakula cha karibu na cha bei nafuu, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibikia.

Ukisoma jedwali la lishe, utaona pumba za mchele zina fosforasi asilimia 1.5, nyingi kuliko mahindi mara tano. Mtu akifuata tarakimu hiyo ataona hahitaji kutia mifupa iliyosagwa. Lakini karibu sehemu nne kati ya tano za fosforasi hiyo zimo ndani ya kiunga kinachoitwa fitati, akiba ambayo mbegu hujiwekea kwa ajili ya kuota. Utumbo wa kuku una kimeng'enya kidogo mno cha kuivunja. Fitati hupita na fosforasi yake, tena haipiti peke yake: hushika kalsiamu, zinki na chuma njiani na kutoka navyo kwenye kinyesi. Kwa hiyo kadiri pumba zinavyoongezwa, ndivyo madini yanavyopungua, hata kama yamepimwa vizuri yalipotiwa. Kimeng'enya cha kiwandani cha kuvunja fitati, fitasi, kiliingia sokoni Ulaya mwaka 1991 na kimebadilisha kabisa ulishaji wa kuku katika nchi zenye viwanda vikubwa. Asiye nacho hana budi kupunguza pumba. Kwa vifaranga, zisizidi kilo 10 katika kila kilo 100 za chakula.

Kuna jambo jingine la vinu vidogo. Mashine inayokoboa mpunga kwa mara moja hutoa pumba zilizochanganyika na makapi, na makapi ni mchanga na nyuzi tu, hayamlishi kuku. Chota kiganja kimoja, pepeta kwa pumzi: kikiruka kingi na kuwasha koo, hicho ni cha kutandika sakafuni.

Vitamini D

Kalsiamu iliyoliwa haiingii mwilini yenyewe. Ukuta wa utumbo unahitaji protini maalumu ya kuivusha, na protini hiyo hutengenezwa kwa amri ya vitamini D. Protini hiyo ilitambuliwa mara ya kwanza kwenye utumbo wa kifaranga, na Robert Wasserman na Alan Taylor wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1966. Amri nayo haitolewi na vitamini D kama ilivyo kwenye chakula. Vitamini hupitia kwanza kwenye ini, hubadilishwa. Kisha huenda kwenye figo, hubadilishwa tena. Ndipo huwa homoni kamili. Sehemu ya figo katika safari hiyo ilithibitishwa mjini Cambridge, Uingereza, mwaka 1970. Njia hii ndefu ina maana kubwa kwa mfugaji: kuku mwenye ini lililoharibika anaweza kupewa vitamini ya kutosha asinufaike nayo. Na kinachoharibu ini la kuku katika hewa ya joto na unyevu ya Kindu ni ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo huzuia pia kufyonzwa kwa mafuta, na vitamini D husafiri ndani ya mafuta.

Historia ya vitamini hii na historia ya kuku wa bandani ni historia moja. Kabla ya miaka ya 1920, kufuga vifaranga ndani ya nyumba wakati wa baridi huko Marekani kulishindikana. Walilegea miguu na kufa. Watafiti wa Wisconsin, akiwemo Harry Steenbock, walionyesha kwamba mwanga wa jua au mafuta ya ini la samaki aina ya chewa huwaponya, na mwaka 1924 Steenbock akaonyesha kwamba hata chakula chenyewe kikimulikwa kwa miali ya urujuanimno hupata nguvu hiyo. Elmer McCollum alikuwa ameshaipa vitamini hiyo herufi D mwaka 1922. Mwaka 1923 mwanamke wa Delaware, Cecile Steele, alianza kufuga vifaranga 500 kwa ajili ya nyama tu, na biashara tunayoiita leo ya kuku wa nyama kwa kawaida huhesabiwa kuanzia hapo. Bila elimu ya vitamini D, mabanda makubwa yaliyofuata yasingesimama.

Kuku ndiye aliyefichua pia kwamba vitamini D ziko mbili. Ile itokanayo na mimea na hamira, ergokalsiferoli au D2, ilimponya panya na binadamu sawa na ile ya samaki na ngozi, kolekalsiferoli au D3. Kifaranga aliyepewa D2 kwa kipimo hichohicho aliendelea kuugua. Kwa kuku, D2 ina nguvu ndogo sana, moja ya kumi ya D3 au chini ya hapo. Vidonge vya duka la dawa vilivyoandikwa D2 havina faida bandani, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula) isiyotaja D3 isinunuliwe.

Kiwango cha chini kabisa katika mwongozo wa 1994 ni yuniti 200 za kimataifa kwa kila kilo ya chakula. Hicho ni kiwango cha maabara, cha kuzuia matege tu kwa kuku ambaye kila kitu kingine kiko sawa. Vyakula vya kiwandani hutiwa yuniti 2,000 hadi 5,000, na 5,000 ndiyo mpaka ulioruhusiwa na Umoja wa Ulaya. Yuniti 1 ni mikrogramu 0.025, kwa hiyo hata yuniti 4,000 ni mikrogramu 100 tu, kiasi kisichoonekana kwa macho ndani ya kilo nzima ya chakula. Hakiwezi kupimwa kwa kijiko. Ndiyo maana hutiwa kiwandani ndani ya premiksi, na mfugaji huchanganya premiksi kwanza na kilo chache za unga, kisha unga huo na zaidi, mpaka gunia lote.

Jua la Kindu

Kindu uko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Hapa hakuna majira ya baridi. Mwaka mzima jua hupanda juu vya kutosha kutoa miali ya urujuanimno inayotengeneza vitamini D3 kwenye ngozi ya kuku. Ngozi iliyofunikwa na manyoya ina malighafi kidogo ya vitamini hiyo. Iliyo nayo kwa wingi, mara nyingi zaidi, ni ngozi ya miguu isiyo na manyoya, ileile yenye magamba ya njano. Kuku aliyelala juani akanyoosha mguu mmoja na bawa moja anaweka mahali panapofaa juani, hata kama yeye anatafuta joto tu.

Majaribio ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1920 yalionyesha kwamba chini ya saa moja ya jua kwa siku inatosha kumkinga kifaranga na matege. Naona hili ni jambo lisilotumika vya kutosha katika mji ambao gunia la premiksi hulazimika kuja kwa ndege, kwa reli inayopita Kibombo na Kongolo, au kwa barabara mbovu. Lakini jua lina masharti yake. Miali hiyo haipenyi bati, haipenyi kioo, na banda lenye mwanga mwingi wa kupitia dirishani ni giza tupu kwa vitamini D. Jua la alfajiri pia halifai kitu. Miali inayotakiwa hufika ardhini jua likiwa juu, wakati kivuli cha mtu kimekuwa kifupi kuliko mtu mwenyewe. Saa hizo ndizo pia kuku wa nyama hulemewa na joto. Njia ya kati ni kuwa na ua mdogo wenye wavu ubavuni mwa banda, kuufungua kuanzia saa 4 asubuhi kwa nusu saa hadi saa moja, na kuwawekea kivuli na maji ili kila mmoja aondoke juani anapotaka. Vifaranga wasitolewe kabla ya wiki ya pili, na udongo wa ua usiwe na tope, maana kinachokutana na kuku kwenye tope ni vimelea vya koksidia.

Madini yanayopatikana

Chanzo cha kawaida cha kalsiamu duniani ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, yenye kalsiamu asilimia 38 hivi. Jiwe hilo lipo upande wa ziwa Tanganyika. Huko Kabimba, kusini mwa Kalemie, limetumika kutengeneza saruji. Linaloweza kupatikana dukani Kindu likiitwa chokaa, hata hivyo, mara nyingi ni la kupaka kuta, na hilo limeshachomwa. Chokaa iliyochomwa huunguza mdomo na utumbo wa kuku, na isitiwe kwenye chakula hata kidogo. Kuitambua si vigumu. Kamulia limau kwenye unga: jiwe la chokaa lisilochomwa huchemka na kutoa povu, likinyunyiziwa maji tu halifanyi chochote. Chokaa ya kuta haitoi povu la maana, na ikiwa bado mbichi hupata moto ikiguswa na maji.

Magamba ya konokono wa nchi kavu na maganda ya mayai ni kalsiamu ileile, asilimia 36 hadi 38. Yachemshwe, yaanikwe, yatwangwe. Yasichomwe, kwa sababu moto mkali huyageuza kuwa chokaa inayounguza. Mifupa ni kinyume chake: inavumilia moto, na moto huua vijidudu vya ng'ombe au mbuzi aliyekufa kwa maradhi. Mifupa iliyochemshwa, ikakaushwa na kusagwa, ina kalsiamu asilimia 24 hadi 30 na fosforasi 12 hadi 14. Ikichomwa hadi majivu meupe, kalsiamu yake hupanda kufikia 35 na zaidi. Faida yake kubwa ni kwamba fosforasi ya mfupa haikufungwa na fitati. Samaki wadogo waliokaushwa wakiwa na mifupa yao, ndakala wa ziwa Tanganyika au samaki wa mto Lualaba, huleta protini, kalsiamu na fosforasi kwa pamoja, lakini mchanga na chumvi hupunguza thamani yao, na hakuna gunia linalofanana na jingine.

Hesabu ifuatayo inaonyesha namna ya kufikiri, kwa kilo 100 za chakula cha vifaranga. Mahindi kilo 48 yana kalsiamu gramu 10 tu. Pumba za mchele kilo 8 zina gramu 6. Soya iliyokaangwa, kilo 32, ina gramu 80. Ndakala kilo 8, tukikadiria asilimia 4, wana gramu 320. Jumla ni gramu 416, wakati kinachotakiwa ni kama 950. Kilo 1 ya unga wa mifupa huongeza 240, gramu 800 za mawe ya chokaa huongeza 304, na jumla inakuwa 960. Nafasi iliyobaki ni ya chumvi, premiksi na mafuta kidogo ya mawese. Fosforasi inayotumika katika mchanganyiko huo inakaribia asilimia 0.44, na uwiano unasimama kwenye 2.2 kwa 1. Aondoe mtu ndakala peke yao, aweke soya badala yake, na karibu theluthi ya kalsiamu itakuwa imekwenda bila yeye kujua.

Kupita kiasi

Makosa ya kuzidisha ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa, maana chokaa ni rahisi na mfugaji aliyeona miguu mibovu huongeza chokaa. Kalsiamu ikizidi hupunguza ukali wa asidi kwenye firigisi, hufungamana na fosforasi ikawa chumvi isiyoyeyuka, hushika mafuta ya chakula, na kuku hupunguza kula. Hatari kubwa kuliko zote ni kuwalisha kuku wa nyama chakula cha kuku wa mayai, chenye kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, kwa sababu gunia lilipatikana kwa bei nzuri. Figo za kifaranga hazikimudu. Akipasuliwa, figo huonekana zimevimba na ini limepakwa unga mweupe wa asidi ya yuriki. Vitamini D nayo ikizidishwa mara nyingi huweka kalsiamu mahali isipotakiwa, kwenye figo na mishipa ya damu.

Dalili na tiba

Matege hujitokeza kati ya wiki ya pili na ya tatu, akiba ya kiini cha yai ikiisha. Mwanzo ni kuku wachache wanaoketi juu ya vifundo vyao na kutembea kwa kuyumba, manyoya yakiwa yametimka. Mdomo ukibonyezwa kwa kidole gumba hupinda. Kipimo cha uhakika ni mfupa wa muundi wa kuku aliyechinjwa: ukivunjwa kwa mikono, mzima hutoa mlio mkavu, mgonjwa hupinda kama kijiti kibichi. Upasue kwa urefu upande wa goti. Chini ya uso wa kiungo pana utepe mweupe wa gegedu la ukuaji, ambao kwa kuku mzima ni mwembamba. Kwa mgonjwa umekuwa mnene na laini, na mbavu zake zina vinundu vilivyopangana mahali zinapokutana na uti wa mgongo. Kukosekana kwa kalsiamu, fosforasi au vitamini D huonyesha dalili zinazokaribiana mno kwa macho, kwa hiyo fomula ya chakula ichunguzwe yote kabla ya kuongeza kitu.

Ikiwa jua na premiksi vyote vilikosekana, huanzwa na vitamini D3 kwenye maji ya kunywa kwa siku chache, kwa kipimo cha daktari wa mifugo, pamoja na chakula kilichosahihishwa. Premiksi ya zamani ni ya kushukiwa kwanza: joto, unyevu na kuwekwa pamoja na madini huimaliza vitamini ndani ya miezi, hata kama mfuko haujafunguliwa. Ihifadhiwe juu ya ubao, mbali na ukuta, kwenye chombo chenye kifuniko, na inunuliwe ya kutosha kundi moja. Kundi lililosahihishwa kabla ya wiki ya tatu kwisha kwa kawaida husimama ndani ya siku kadhaa. Kuku ambaye mifupa yake imeshapinda akiwa na wiki tano hatanyooka, na nyama yake haina ubaya wowote kwa mlaji. Achinjwe mapema, na anyonyolewe kwa uangalifu, kwa sababu miguu huvunjika mikononi.